Chupa ya soda na hamira zatosha kustawisha mimea ya matangi ya samaki

WAFANYABIASHARA wa samaki wa mapambo wanalijua vizuri lalamiko hili. Mteja ananunua tangi la kioo, samaki na mimea ya kupandwa ndani yake, na baada ya wiki tatu au nne anarudi dukani amekunja uso. Samaki wake wako hai, lakini mimea imekuwa ya kahawia, majani yametoboka na mwani umefunika kioo. Mteja wa namna hiyo hanunui mimea tena, na mara nyingi huwaeleza na wenzake wasinunue.

Kinachoua mimea mara nyingi si ugonjwa wala maji mabaya. Ni njaa. Karibu asilimia 40 hadi 45 ya uzito wa mmea uliokaushwa ni kaboni, na kaboni hiyo mmea huipata kwenye hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Mahindi na maharage huichukua angani bila gharama yoyote. Mmea uliozama kwenye maji hauna bahati hiyo, kwa sababu gesi husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani.

Maji yaliyoachwa wazi huwa na hewa ya ukaa kiasi cha miligramu 0.5 hivi tu kwa lita. Mimea mingi ya matangi hustawi pale kiasi hicho kinapofika miligramu 15 hadi 30 kwa lita. Pengo hilo ndilo wenye matangi hulipia fedha nyingi kwa kununua mitambo ya kutoka nje. Hata hivyo, lipo jambo ambalo mama wa Kiswahili anayeumua unga wa maandazi, au mgema anayetazama tembo lake likitoa povu, amelijua siku zote: hamira ikila sukari hutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo hewa ya ukaa.

Hesabu ya sukari

Kwa hesabu ya kemia, gramu 200 za sukari zikichacha zote hutoa takriban gramu 103 za hewa ya ukaa, ambazo kwa joto la kawaida la chumba ni zaidi ya lita 50 za gesi. Nusu nyingine ya uzito wa sukari hugeuka kuwa kilevi. Kwa hali halisi gesi huwa pungufu ya hapo, kwani hamira hufa kabla sukari haijaisha.

Tangi la lita 60 likitakiwa kuwa na miligramu 30 kwa kila lita, linahitaji gramu 1.8 tu za gesi kwa wakati mmoja. Kwa nini basi chupa yenye gramu 100 isidumu miezi miwili? Sababu ni kwamba gesi nyingi hutoroka juu ya maji kabla mimea haijaitumia. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi asikimbilie kuongeza sukari. Azuie kwanza upotevu.

Vifaa vinavyohitajika

Vitu vinavyotakiwa vinapatikana katika maduka ya kawaida, na vingine viko jikoni tayari:

- Chupa moja ya plastiki ya soda ya lita 1.5 au 2. Chupa ya soda imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba na hazifai. Chupa ya kioo isitumike kabisa, kwani ikipasuka hurusha vigae.
- Chupa ndogo ya soda ya nusu lita, kwa ajili ya kunasa povu.
- Mpira mpya wa dripu kutoka duka la dawa. Kile kichupa chake cha kudondoshea maji hutumika kuhesabu mapovu.
- Vali ndogo ya kuzuia maji kurudi nyuma, inayouzwa pamoja na pampu za hewa za matangi.
- Gundi ya silikoni ya kuunganishia vioo.
- Sukari gramu 200, hamira ya mkate robo kijiko cha chai, na maji safi lita moja.
- Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, nusu kijiko cha chai. Hii huzuia mchanganyiko kuwa mchachu haraka na kuua hamira.

Namna ya kutengeneza

Toboa kifuniko cha chupa kubwa tundu jembamba kidogo kuliko mpira. Kata ncha ya mpira mshazari, ipenyeze tunduni, kisha ivute kwa koleo kutoka upande wa pili. Ukiona inapita kwa taabu, ujue kazi ni nzuri. Paka silikoni pande zote mbili na uache ikauke kwa siku nzima.

Mpira huo uingie kwenye chupa ndogo yenye maji nusu, na ncha yake izame majini. Mpira wa pili utoke juu ya chupa hiyo, mahali pasipogusa maji, uelekee kwenye tangi kupitia vali. Kwa mpangilio huo, povu la hamira likipanda hubaki kwenye chupa ndogo badala ya kumwagika juu ya samaki.

Futa kabisa kile kibanio cha plastiki cha kwenye mpira wa dripu. Hospitalini kazi yake ni kupunguza dawa, lakini hapa kinaweza kuleta hasara. Hamira haisikii amri ya kusimama, na gesi ikikosa njia chupa itavimba hadi ipasuke. Bomba la chupa ya hamira halifungwi kamwe.

Changanya sukari na bikaboneti katika maji ya uvuguvugu hadi viyeyuke. Maji yakishapoa kiasi cha kuvumilika na kidole, weka hamira na utikise kidogo. Usijaze chupa. Acha angalau robo yake wazi kwa ajili ya povu. Funga, kisha paka povu la sabuni kwenye viungio vyote. Panapotoa mapovu pana mwanya, na gesi yako inapotelea chumbani.

Gesi huanza kutoka baada ya saa chache, pengine siku ya pili. Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam, Mombasa na Tanga, hamira hufanya kazi kwa kasi na chupa inaweza kuchoka ndani ya siku 10 hadi 14. Katika maeneo ya baridi kama Njombe na Lushoto huenda polepole zaidi na kudumu muda mrefu. Mwenye kukaa pwani apunguze hamira badala ya kuiongeza, na aiweke chupa mahali penye kivuli.

Kuongeza sukari kupita kiasi hakusaidii. Kilevi kikifikia kiasi cha asilimia 10 hivi ndani ya chupa, hamira ya mkate hulemewa na kufa, na sukari iliyobaki humwagwa bure. Njia bora ni kuwa na chupa mbili kwenye mstari mmoja, zikipishana kwa wiki moja. Ya kwanza ikianza kulegea, ya pili inakuwa na nguvu, na mimea haipati siku za shibe na siku za njaa. Maji yanayobaki hayanyweki. Yamwagwe kwenye shimo la mboji.

Kuyeyusha gesi majini

Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Mapovu makubwa yanayopanda moja kwa moja hufika juu na kupasuka bila kuyeyuka. Kadiri povu linavyokuwa dogo na linavyokaa majini muda mrefu, ndivyo gesi inavyoingia kwenye maji.

Njia rahisi kuliko zote ni kupeleka mpira wa gesi kwenye mdomo wa pampu ya chujio, ili mapangaboi yake yayasage mapovu. Asiye na chujio la namna hiyo achukue kikombe kidogo cha plastiki angavu, akifunike ndani ya maji kama kengele na kukigandisha kwenye kioo, kisha aruhusu gesi ijikusanye chini yake. Gesi iliyonaswa humezwa na maji taratibu. Kipande cha mti laini kilichokazwa kwenye ncha ya mpira nacho hutoa mapovu madogo, ingawa huziba baada ya wiki kadhaa na hubidi kubadilishwa.

Aidha, maji yasirushwe juu mchana. Chujio linalomwaga maji kama maporomoko hufukuza gesi ile ile iliyotengenezwa kwa sukari ya kununua.

Kwa kuanzia, tangi la lita 60 lipewe povu moja kila baada ya sekunde mbili au tatu, kisha mwenye tangi aangalie samaki kwa siku kadhaa. Njia ya hamira inafaa zaidi kwa matangi yasiyozidi lita 100 hivi. Zaidi ya hapo chupa huwa nyingi na kazi inachosha.

Hatari kwa samaki

Samaki nao hutoa hewa ya ukaa wanapopumua. Ikizidi ndani ya maji wanashindwa kuitoa mwilini, na wanaweza kufa hata kama oksijeni ipo. Kiasi kinachozidi miligramu 30 kwa lita ni cha kuchungwa sana.

Saa za hatari ni alfajiri. Mchana mimea hula hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Usiku hugeuka, ikatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa kama samaki. Wakati huo huo chupa ya hamira inaendelea kupuliza, kwa kuwa haijui usiku wala mchana. Mfanyabiashara aliyelala akiwa na samaki 50 wazima anaweza kuamka na kuwakuta wanaelea, na mtaji wake nao umekwenda.

Kinga yake ni rahisi. Taa zikizimwa, pampu ya kawaida ya hewa iwashwe hadi asubuhi, au mpira wa gesi uchomolewe kwenye tangi na kuachwa wazi nje. Samaki wakionekana wanahema haraka juu ya maji, toa mpira wa gesi mara moja, washa pampu ya hewa na ubadilishe theluthi hadi nusu ya maji.

Njia ya kupima ipo. Wataalamu hutumia uhusiano kati ya pH ya maji na ugumu wake wa kaboneti, unaoandikwa KH. Zidisha KH kwa 3, kisha kwa 10 iliyopandishwa kwa kipeo cha 7 kutoa pH. Maji yenye KH 4 na pH 6.6, kwa mfano, yana takriban miligramu 30 kwa lita, na hapo ndipo pa kukomea. Hesabu hii hudanganya pale maji yanapokuwa na asidi nyingine, kama ile inayotoka kwenye magogo na majani yaliyooza. Ndiyo maana wengi hupendelea kichupa kidogo cha kioo kinachoning'inizwa ndani ya tangi kikiwa na maji ya KH 4 na dawa ya rangi iitwayo bromothimoli bluu. Rangi ikiwa buluu gesi ni pungufu, kijani inatosha, njano imezidi. Rangi hiyo huchelewa kwa saa moja au mbili, hivyo isiaminiwe kuliko macho ya mfugaji mwenyewe.

Anayetumia maji ya mvua awe makini zaidi. Maji hayo karibu hayana KH kabisa, na gesi kidogo tu hushusha pH ghafla. Mfuko mdogo wa mawe ya chokaa yaliyopondwa, ukiwekwa ndani ya chujio, hupandisha KH taratibu.

Si kila tangi linahitaji

Kabla ya kununua hata gramu moja ya sukari, mfanyabiashara ajiulize ana samaki gani. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani, wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Hewa ya ukaa hushusha pH, kwa hiyo kuwapulizia gesi ni kuwatesa. Wale wa Ziwa Nyasa nao wanahitaji maji ya namna hiyo, na wengi wao hula au kung'oa mimea. Njia hii inafaa zaidi kwa matangi ya samaki wadogo wanaopenda maji laini.

Mimea nayo inatofautiana. Valisneria na seratofilamu, zinazoota zenyewe katika maziwa yetu, zina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo majini. Anubiasi, mmea wa misitu ya magharibi na kati ya Afrika, hukua polepole na huridhika na mwanga hafifu. Mteja asiyetaka shughuli auziwe hiyo. Mimea mekundu na ile ya kutambaa kama zulia ndiyo inayodai gesi.

Vilevile taa isizidishwe. Mwanga mkali bila hewa ya ukaa ya kutosha hustawisha mwani badala ya mimea. Saa nane kwa siku zinatosha.

Ipo pia njia isiyo na chupa. Diana Walstad wa Marekani, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1999, alieleza utaratibu wa kuweka tabaka jembamba la udongo wa kawaida chini ya mchanga wa tangi. Viozo vilivyomo kwenye udongo vikivunjwavunjwa na bakteria hutoa hewa ya ukaa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Udongo usiwe na mbolea ya chumvichumvi wala samadi mbichi, kwani amonia yake huua samaki.

Lini uhamie kwenye mtungi

Tangi moja lenye chupa mbili zinazopishana hutumia chupa moja kila wiki, yaani chupa 52 kwa mwaka. Hizo ni kilo 10.4 za sukari. Kwa tangi la nyumbani mzigo huo unabebeka. Mwenye duka la matangi 10 atahitaji kilo 104, zaidi ya magunia mawili ya kilo 50, mbali ya muda wa kuosha na kujaza chupa 10 kila wiki.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kilo moja ya gesi ya mtungi ni sawa na kilo mbili za sukari, kwa uchache. Kila mmoja achukue bei ya sukari ya mtaani kwake, aizidishe kwa mbili, ailinganishe na bei ya kujaza kilo moja ya gesi kwa wahudumu wa mitungi ya kuzimia moto, au wanaouza gesi ya mashine za soda na za kuchomelea vyuma. Mtungi una faida nyingine kubwa: hufungwa usiku, kwa hiyo gesi haipotei na samaki hawako hatarini. Kinachogharimu ni mtungi wenyewe na regulata yake, ambavyo hununuliwa mara moja.

Mtungi lakini si wa kuchezea. Kwa joto la nyuzi 20, msukumo wa ndani unazidi mara 50 ya ule wa hewa ya kawaida, na joto likipita nyuzi 31 hupanda kwa kasi zaidi. Usiwekwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, ufungwe mnyororo ukiwa wima, na usitumiwe bila regulata. Chumba kiwe na madirisha wazi, kwa sababu hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hujikusanya chini. Mtungi wa kuzimia moto wa unga haufai hata kidogo. Geji nayo isitegemewe kujua kiasi kilichobaki, maana haishuki hadi gesi iliyo katika hali ya kimiminika iishe. Pima mtungi kwenye mizani.

Fursa kwa mkulima

Kwa anayetaka kuzalisha mimea hii ili auze, siri kubwa iko nje ya maji. Mashamba makubwa ya mimea ya matangi duniani huotesha anubiasi, kriptokorini na ekinodorasi kwenye vitalu vyenye udongo uliolowa na unyevu mwingi, chini ya kivuli, majani yakiwa hewani. Hapo mmea unapata hewa ya ukaa ya bure, hausumbuliwi na mwani, na hukua haraka kuliko ndani ya tangi. Mkulima mwenye kitalu cha miche, wavu wa kivuli na maji ya uhakika ana zana nyingi zinazohitajika tayari.

Muuzaji amweleze mnunuzi mapema kwamba majani yaliyoota hewani hufa mengi yakizamishwa, na mmea huchipua mengine ya kuishi majini. Mnunuzi asiyeambiwa hilo atadhani amepunjwa. Kwa upande wa mbegu za kutoka nje ya nchi, Tanzania inataka kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ni busara kukiomba kabla mzigo haujafika bandarini.

Mabaki ya mimea yasitupwe mtoni wala kwenye mabwawa. Gugumaji lililotapakaa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya maua yake, na wavuvi waliozuiwa kufika kwenye nyavu zao ndio waliolipia uzuri huo. Mabaki yakaushwe juani, kisha yaingie kwenye mboji.

Anayeanza aanze na tangi moja na chupa mbili, aandike tarehe ya kujaza, idadi ya mapovu na hali ya samaki kila asubuhi. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamwonyesha kama sukari inalipa, kama wakati wa mtungi umefika, au kama wateja wake wangetosheka na anubiasi isiyodai chochote.